Kuchora maua, majani na wadudu kwenye gilasi na chupa

Karatasi hunywa rangi. Kitambaa hunywa, mbao hunywa, hata udongo uliochomwa hunywa kidogo. Kioo hakinywi kabisa. Rangi hukaa juu yake kama tone la maji juu ya jani la magimbi. Rangi inayobanduka kama ganda la kitunguu, brashi inayoinua rangi ya chini badala ya kuongeza ya juu, mstari unaojikunyata na kuacha matundu, mapovu yanayotokea ndani ya oveni: vyote hivyo vina mzizi huo mmoja. Ndiyo maana nusu ya kazi hii ni kuosha, kusubiri na kuchoma, na anayeyaharakisha hayo hupata gilasi nzuri ya wiki mbili tu.

Rangi ipi, chombo kipi

Akriliki ya kawaida, ile ya turubai, hukauka vizuri juu ya kioo na imewadanganya wengi. Ikilowa kwenye maji ya sabuni hulainika na kutoka vipande vipande. Unayoihitaji ni rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya kioo, na zinazofaa kwa kazi ya nyumbani ni za aina tatu.

Ya kwanza ni enameli ya akriliki. Ni rangi ya maji, nzito, haipitishi mwanga, na brashi yake huoshwa bombani. Hukomaa kwa kuachwa hewani kwa takriban siku 21, au kwa kuchomwa kwenye oveni ya jikoni ukitaka kumaliza mapema. Anayeanza aanze na hii, kwa sababu inavumilia makosa. Ya pili ni rangi ya maji inayolazimu kuchomwa, nyepesi na ang'avu zaidi. Vitrea 160 ya kampuni ya Pebeo ni mfano unaojulikana, na namba iliyo kwenye jina ndiyo joto lenyewe, nyuzi 160 za Selsiasi kwa dakika 40. Ya tatu ni rangi ya thina, ile yenye harufu kali. Mwanga ukiipita huonekana kama kioo cha rangi cha madirishani, lakini haichomwi, mvuke wake hushika moto, na haistahimili kuoshwa mara kwa mara. Iweke kwa mapambo ya ukutani au vasi la maua makavu, na uifanyie kazi madirisha yakiwa wazi.

Usichanganye aina hizi katika chombo kimoja. Kila moja hukauka na kukaza kwa mwendo wake, na pale zinapokutana hupasuka.

Viwanda na mafundi wenye tanuri hutumia kitu kingine kabisa: enameli ya unga wa kioo wenye rangi, ambao huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 500 na kuungana na chombo kuwa kitu kimoja. Rangi ya nyumbani haifiki huko. Oveni ya jikoni huikaza na kuifanya ing'ang'anie, lakini inabaki kuwa ngozi juu ya kioo, na ngozi hutunzwa.

Kwa chombo, anza na gilasi yenye kuta zilizonyooka, isiyo na mbavu wala nembo. Gilasi ya mvinyo yenye tumbo inapendeza sana ikiisha, ila karatasi ya mchoro hailali ndani yake, kwa hiyo isubiri mkono uzoee. Achana na vyombo vyenye nyufa hata za unywele, vilivyoungwa kwa gundi, au vyenye sehemu za plastiki. Kristali yenye madini ya risasi usiichome: mara nyingi kuta zake ni nene hapa na nyembamba pale, hazipati moto sawasawa, na ni hasara kubwa ikipasuka.

Jambo la afya lisipuuzwe. Maneno "haina sumu" kwenye chupa ya rangi yanamhusu mchoraji anayeishika. Hayamaanishi kwamba rangi hiyo inafaa kugusana na chakula au kinywaji. Chora upande wa nje tu, na uache sentimita 2 kutoka ukingoni bila rangi, mahali midomo inapogusa. Bandika utepe wa karatasi kuzunguka ukingo huo kabla hujaanza ili usisahau. Sahani ya kioo huchorwa chini, upande wa nyuma, na hapo mpangilio hugeuka: kinachoonekana mbele kabisa, yaani mishipa ya jani na kitovu cha ua, hutangulia, petali hufuata, mandharinyuma huja mwisho.

Kuosha

Osha chombo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza mpaka maji yateleze bila kubaki matone matone, kisha kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Baada ya hapo futa eneo lote la kuchora kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, na uiache ikauke yenyewe, dakika mbili tatu. Siki nyeupe inaweza kushika nafasi yake. Soma lebo ya spiriti ya dukani kabla ya kuitumia: baadhi ya spiriti za kusafishia vidonda zimetiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki juu ya kioo kama utando usioonekana. Umeosha, umefuta, na umeyarudisha mafuta mwenyewe.

Tangu hapo, usiguse eneo la kuchora. Vidole vina mafuta hata vikiwa safi. Shika gilasi kwa kuingiza vidole ndani, au vaa glavu ya pamba kwenye mkono usiochora. Ukitaka kujua kama umesafisha vya kutosha, hemea kioo kama unayetaka kukipangusa: ukungu ukitanda sawasawa, kiko tayari, ukionyesha alama za vidole, rudia.

Mchoro chini ya kioo

Uzuri wa kioo ni kwamba huhitaji kunakili mchoro juu yake. Chora kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi, ikate ilingane na chombo, ibandike kwa ndani, na ufuate mistari kutoka nje. Chombo kinachopanuka kuelekea juu hukunja karatasi. Ikate kwa mkasi mipasuo ya kila sentimita 2 kutoka ukingoni kuelekea katikati ili ijifungue na kulala. Kwa chupa ya shingo nyembamba, viringisha karatasi, ipenyeze, iache ijikunjue, kisha jaza mchele ili uibane ukutani. Ikishindikana, chora kwa nje kwa penseli ya nta inayoandika kwenye kioo, mistari michache na myembamba, na upake rangi pembeni mwa mistari wala si juu yake, maana nta hufukuza rangi. Ifute yote kabla ya kuchoma.

Kioo kinene husogeza mchoro: ukiutazama kwa mshazari, mstari unaouona hauko mahali ulipo. Elekeza uso wako moja kwa moja mbele ya sehemu unayochora, na uzungushe gilasi badala ya kuzunguka wewe.

Sasa, kabla hujachukua brashi, fikiri kuhusu upande wa pili. Gilasi tupu huonyesha kilicho mbele na kilicho nyuma kwa wakati mmoja, tena mgongo wa rangi ukiwa wazi. Anayesahau hili hupata fujo, maua ya mbele yakigongana na mashina ya nyuma. Anayelitumia hupata kina ambacho turubai haiwezi kukitoa: chora ua kubwa mbele, halafu kwenye ukuta wa nyuma, mahali panapoonekana kando ya ua hilo, weka majani machache kwa rangi iliyopauka zaidi. Ukitazama kutoka mbele, majani yako mbali kweli, kwa sababu yako mbali kweli.

Mwanga nao ubadilishe uchaguzi wako. Rangi isiyopitisha mwanga hupendeza mwanga ukiiangukia kutoka mbele; ikiwekwa dirishani hugeuka kivuli cheusi. Rangi ang'avu ni kinyume chake. Kwa hiyo uliza kwanza chombo kitakaa wapi.

Brashi na mapigo

Tatu zinatosha: brashi bapa ya milimita 6 hadi 10, ya mviringo namba 2, na ile nyembamba yenye nywele ndefu kwa mistari, namba 0 au chini ya hapo. Ziwe za nywele za sintetiki, laini lakini zenye kurudi zikikunjwa. Brashi ngumu huacha mifereji kwenye rangi, na juu ya kioo kila mfereji huonekana.

Usipunguze rangi kwa maji zaidi ya kulowesha brashi. Maji mengi huitenganisha rangi na gundi yake, nayo hujikusanya matone na kushindwa kushika. Ikiwa nzito mno kwa mistari myembamba, tumia kimiminika cha kupunguzia cha mtengenezaji yuleyule.

Jani la rangi mbili ndilo zoezi linalofundisha mengi. Mimina kijani kibichi na kijani chepesi kwenye kisahani. Chovya kona moja ya brashi bapa kwenye kibichi, kona ya pili kwenye chepesi, kisha pitisha brashi mbele na nyuma mahali pamoja pa sentimita 2 kwenye kisahani, mara tano au sita, mpaka rangi zikutane katikati bila mpaka mkali. Simamisha brashi wima juu ya kioo ili iguse kwa ubapa wake mwembamba. Kandamiza hadi nywele zifunguke, izungushe kidogo huku ukiisogeza kuelekea ncha ya jani, punguza uzito taratibu, na umalizie ikiwa imesimama tena kwenye ubapa wake. Hiyo ni nusu ya jani. Nusu ya pili ni pigo hilohilo upande wa pili, upande mwepesi ukiwa katikati. Usirudi juu ya pigo. Mkono unawasha kutaka kurekebisha, lakini pigo la pili juu ya rangi iliyoanza kukauka hulikokota la kwanza na kuacha kioo kitupu. Jani lililopinda kidogo linafaa zaidi kuliko jani lililokwanguliwa.

Rangi ikiwa bado mbichi, chukua kijiti cha meno na ukwaruze mshipa wa kati, kisha mishipa ya pembeni. Kioo kitaonekana kupitia mikwaruzo hiyo na jani litapata mwanga wake lenyewe. Ni bora kuliko kuchora mishipa kwa rangi nyeupe.

Petali hutolewa kwa brashi ya mviringo, kutoka nje kwenda ndani: kandamiza upate tumbo, vuta, inua. Kwa alizeti, weka mzunguko wa kwanza wa petali kwa njano iliyokolea, usubiri ukauke, kisha mzunguko wa pili kwa njano nyepesi ukiziba mapengo. Njano ni dhaifu juu ya kioo. Ukipaka nyeupe chini yake kwanza na kuiacha ikauke, itatoka kwa nguvu. Kitovu kijaze nukta kwa kichwa cha pini, ukizipanga kwa mistari inayopinda kama konokono kutoka katikati, ndivyo mbegu za alizeti zinavyojipanga zenyewe.

Kangaga huanza kwa mstari mmoja uliopinda, wa brashi nyembamba. Kisha vijani viwili viwili, vikubwa chini na vidogo kabisa juu, kila kimoja pigo moja kutoka nje kuingia kwenye mstari, vyote vikielekea nchani.

Kereng'ende ana mabawa manne, nayo anapotua huyatandaza kando; ya nyuma ni mapana zaidi karibu na mwili. Mwili uwe mlolongo wa nukta zinazopungua kuelekea mkiani. Mabawa yapake rangi ang'avu kidogo sana, au nyeupe iliyopunguzwa, na ikikauka pitisha mistari myembamba. Kipepeo mtofautishe na nondo kwa papasi, zile nyuzi mbili za kichwani: za kipepeo zina kifundo nchani.

Haya si mambo madogo. Mmea una utaratibu wake: mwingine hutoa majani yakitazamana mawili mawili, mwingine moja moja kwa kupishana, na anayechanganya taratibu hizo kwenye tawi moja hutoa kitu ambacho jicho linakikataa hata kama halijui kwa nini. Émile Gallé (1846–1904), fundi wa vioo wa Nancy, Ufaransa, ambaye vyombo vyake vimejaa mimea na wadudu, alikuwa pia mjuzi wa botania. Weka tawi halisi mezani na ulitazame.

Mistari ya kuinuka

Ukitaka mtindo wa madirisha ya vioo vya rangi, chora kwanza mipaka kwa rangi nzito ya mrija wenye ncha, nyeusi, ya dhahabu au ya fedha. Anza kwa kuikamulia kwenye karatasi mpaka hewa itoke, la sivyo povu litapasuka katikati ya mstari. Ncha isiguse kioo. Iwe juu yake kwa milimita moja hivi, na mstari ushuke kama uzi. Kila umbo lifungwe kabisa, kwa sababu rangi ang'avu itapenya kwenye pengo dogo kabisa.

Mistari ikikauka, laza gilasi kwenye taulo lililokunjwa ndani ya kisanduku, ujaze maumbo yaliyo juu tu, na usubiri yakauke kabla ya kuizungusha. Ukiharakisha, rangi itateremka na kujikusanya upande mmoja wa kila umbo. Jaza kwa kudondosha rangi na kuisukuma hadi kwenye mpaka, bila kupaka.

Kukausha na kuchoma

Kati ya tabaka na tabaka subiri angalau saa moja, na hewa ikiwa na unyevunyevu, zaidi. Kazi ikiisha, iache saa 24 kabla ya oveni. Saa hizo zina sababu: uso wa rangi hukauka kabla ya tumbo lake, na maji yaliyobaki ndani yakipata joto huchemka na kuinua mapovu. Tabaka nene zipe siku mbili.

Weka chombo kwenye oveni ikiwa baridi, juu ya sinia, katikati, vyombo visigusane. Washa, na acha joto lipande pamoja na kioo. Kioo kikiingizwa kwenye oveni ya moto, uso wa nje hutanuka kabla ya ndani kupata habari, na hupasuka. Hesabu dakika kuanzia oveni inapofika kwenye joto lililoandikwa kwenye chupa ya rangi, si kuanzia unapowasha. Enameli nyingi za akriliki huchomwa takriban nyuzi 175 kwa dakika 30, lakini lebo ndiyo yenye neno la mwisho. Muda ukiisha, zima na uache mlango umefungwa mpaka kila kitu kipoe chenyewe, saa moja hadi mbili.

Vipimo vya oveni za nyumbani huwa havisemi kweli daima. Kipimajoto kidogo cha kusimamisha ndani kitakuonyesha tofauti. Joto likizidi, nyeupe ndiyo ya kwanza kulalamika: hugeuka njano, kisha kahawia, na waridi hufifia. Likipungua, hutaona chochote mpaka siku ya kuosha. Kama oveni yako haina namna ya kudhibiti joto, chagua enameli ya kukomaa hewani na uvumilie siku 21 zote. Dirisha liwe wazi wakati wa kuchoma, na chakula kisiwemo humo.

Kurekebisha

Rangi mbichi hutoka kwa kijiti cha pamba chenye maji. Iliyokauka lakini haijachomwa hukatwa kwa ncha ya wembe, na hapa ndipo kingo za petali husafishwa zikawa kali. Fanya hivyo kabla ya oveni, taratibu, wembe ukilala karibu na kioo. Futa vumbi lake kwa brashi kavu. Iliyokwisha kuchomwa huhitaji kulowekwa kwenye maji ya moto ya sabuni, kisha kukwanguliwa, na pengine utaondoa zaidi ya ulichokusudia.

Ukiona rangi inakimbia na kuacha vidoa vitupu wakati unapaka, acha papo hapo: kuna mafuta. Futa sehemu hiyo yote kwa isopropili uanze upya, maana tabaka la pili halitaficha kasoro hiyo. Ikibanduka kipande kizima baada ya kuchomwa, ama kioo hakikusafishwa, ama rangi ilitiwa maji mengi. Ikitoka unga unga kwenye sponji, haikuiva. Rudisha kwenye oveni baridi na uchome mzunguko mmoja zaidi. Mwanga ukipenya kwa madoa madoa kwenye rangi nzito, tabaka lilikuwa jembamba. Inua gilasi mbele ya taa kabla ya kuchoma, uyaone mapema.

Kwa vasi na gilasi zilizochomwa, subiri siku tatu kabla ya kuosha mara ya kwanza. Osha kwa mkono, maji ya uvuguvugu, sponji laini, bila kuloweka. Mashine ya kuosha vyombo huikwangua rangi kwa joto na sabuni kali, hata pale lebo inapoiruhusu. Panga vyombo kabatini visisuguane, na usivichomeke kimoja ndani ya kingine. Hapo ndipo petali nyingi hupata mkwaruzo wa kwanza.